Mzee ana presha, sukari na tezi dume? Anza na mfuko wa dawa

Baba yangu anatibiwa sehemu tatu, na kila daktari anamwandikia dawa zake bila kuona za mwenzake. Kama unamuuguza mzee wa aina hiyo, kusanya kila kidonge kilichomo nyumbani, cha hospitali na cha duka la dawa, hata ile mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na shemeji. Tia vyote kwenye mfuko mmoja, nenda navyo kliniki.

Mfuko wetu ulitoa mambo. Kulikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, anajinunulia mwenyewe kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na mwenye sukari figo zake tayari ziko hatarini. Kulikuwa na vidonge vya mafua, vile vya kuzibua pua, ambavyo kwa mwenye tezi dume iliyotanuka vinaweza kuufunga mkojo kabisa. Tamsulosini aliyopewa kwa ajili ya tezi nayo, ikichanganyika na dawa za presha, huleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla. Sasa fikiria: saa nane usiku, mkojo umembana, choo kiko uani. Nyonga za wazee huvunjikia hapo. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame, na muwekee kopo la kukojolea chumbani (atakataa, mbembeleze). Kama ana dawa ya presha inayokojosha, muulize daktari kama anaweza kuinywa asubuhi.

Ukimuuliza "Baba, unaumwa?" atakujibu ni uzee tu. Uliza vitu vinavyohesabika: ameamka mara ngapi, nyayo zina ganzi, kidonda kimekauka? Mimi ni binti yake, habari za mkojo hatuwezi kuzungumza. Hizo nilimwachia baba mdogo, na kwake alifunguka.

Kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Fuatilieni kitambulisho cha matibabu kupitia serikali ya mtaa, mkifika ulizeni dirisha la wazee. Ila dawa zenyewe mara nyingine hazipo, kwa hiyo ndugu wachange mapema, kabla kichupa cha dawa hakijabaki na vidonge viwili.