Seneti ya Kenya: 67 au 68?

Salamu ndugu. Umejumlisha maseneta 47+16+2+2 ukapata 67, halafu orodha ya wajumbe wa Seneti inakuonyesha 68, na unauliza huyo mmoja katoka wapi. Ni Spika. Soma Kifungu cha 98 cha Katiba ya 2010 hadi mwisho. Wengi huishia kwenye wale 67. Spika anahesabiwa kwa wadhifa wake, lakini hapigi kura.

Hao 47 wanachaguliwa na wapiga kura, mmoja kila kaunti. Wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu (mwanamume na mwanamke kila kundi) wanatoka kwenye orodha za vyama. Hapo ndipo niliwahi kubishana sana na watu: mgao wa viti hivyo vya orodha haufuati kura za urais, unafuata viti ambavyo chama kimeshinda kati ya vile 47.

Na usidhani kura ni 67 siku zote. Kwa miswada inayohusu kaunti, maseneta waliojiandikisha kupiga kura kaunti moja ni ujumbe mmoja, kura moja, na kwa kawaida anayeipiga ni yule wa kuchaguliwa. Mteule, yaani aliyetoka kwenye orodha ya chama, kwa kawaida anaombwa ushauri tu, jambo ambalo mimi naliona ni kumpunja.