Maswali Yenu: Kilwa, Mikindani na Mjusi wa Tendaguru

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nafundisha historia hapa Masasi na nataka kuwapeleka wanafunzi 40 kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na ya kisiwa cha Songo Mnara ikiwezekana. Shule ya jirani ilikwenda mwaka jana, watoto wakarudi na miguu iliyochanika na tope hadi magotini. Tufanyeje?
*Mwalimu, Masasi*

JIBU: Mwalimu, angalia mwezi kwanza, basi la kukodi litafuata. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu maji hupwa kabisa saa nne hivi asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Saa nne ndiyo saa ambayo safari za shule hufika bandarini. Chombo hakifiki ufukweni, watoto wanashuka mbali na kutembea juu ya matumbawe makali. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: yanajaa asubuhi hiyo hiyo ya saa nne, ingawa si kwa wingi. Chagua siku hizo, kisha mpigie nahodha umuulize kama kina kitatosha chombo chake.

Kutoka Masasi msijaribu kwenda na kurudi siku moja. Kutoka barabara kuu mnaingilia Nangurukuru, na bado kuna kama kilomita 30 hadi Kilwa Masoko. Laleni Masoko. Viingilio na vibali vimalizeni huko huko bara kabla ya kupanda chombo, na uwe na orodha ya majina pamoja na barua ya shule. Malipo ya serikali huenda kwa namba ya malipo, na mtandao ukisumbua mtapoteza asubuhi nzima, kwa hiyo yafanyeni jana yake. Wagaweni wanafunzi kwa makundi, na asipande mtoto asiye na jaketi okozi, hata kama kisiwa kinaonekana hapo mbele tu. Miezi ya kusi bahari huchafuka mchana. Saa nane muwe mmeanza kurudi.

Viatu viwe raba kuukuu zenye kamba. Kandambili hubaki topeni. Maji ya kunywa bebeni, lita moja na nusu kwa kila mtu. Kisiwani kuna kijiji chenye watu wake na misikiti yao, basi mavazi yawe ya heshima.

Anzeni na Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali, maana ndiyo ya mbali: kama nusu saa kwa miguu kutoka ngome ya kale iitwayo Gereza. Ni kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331. Waonyeshe birika la pembe nane. Kisha rudini Msikiti Mkuu, kisha kasri ya Makutani, mmalizie Gereza, penye ngome ya Wareno ya 1505 iliyojengwa upya na Waomani. Kuta zisipandwe. Chokaa ya kale iliyolowa mvua miaka mingi haishiki tena jiwe, na kubomoka huko ni sehemu ya sababu za magofu haya kuwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 hadi 2014.

Beba futi kamba pia. Wapime upana wa vyumba: vingi havizidi sana mita mbili na nusu au tatu, wakati urefu wa chumba unaweza kuwa maradufu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka hautoi zaidi ya hapo. Mtoto akilipima hilo mwenyewe halisahau.

Songo Mnara iacheni safari hii. Ni mbali zaidi, na maji yakipwa mnapita katikati ya mikoko kwenye tope. Kwa watu wanane wazima, sawa. Kwa watoto 40, hapana.

SWALI: Wakwe zangu wanakuja Mtwara kutoka Dodoma, tuna siku moja tu. Mama mkwe anaumwa magoti. Mikindani au Msimbati?
*Dada wa Shangani, Mtwara*

JIBU: Dada, vyote viwili, kwa gari. Mikindani ni kama kilomita 10 tu. Boma la Wajerumani la 1895 liko mlimani, basi mpandishe mama kwa gari, atazame ghuba akiwa amekaa. Chini mjini atembee kidogo tu penye kivuli, aone milango ya nakshi na nyumba zinazoonyesha mifupa yake ya matumbawe pale lipu ilipobanduka. Msisimame chini ya roshani za mbao, hasa baada ya mvua: paa likishaondoka, boriti huoza kwa ndani huku nje zikionekana nzima. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, kama baba mkwe atauliza.

Msimbati ni kilomita 40 na ushee, ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio. Barabara ina mchanga. Gari dogo likizama, punguzeni upepo wa matairi badala ya kukanyaga mafuta. Ufukwe unashuka ghafla. Asiyejua kuogelea aishie magotini. Njiani nunueni ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, wageni wa Dodoma hawaijui.

SWALI: Nikienda kilima cha Tendaguru nitamwona yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria?
*Kijana wa Lindi mjini*

JIBU: Hapana, yuko Berlin. Wajerumani walichimba mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Leo utaona kilima na pori. Bila mwenyeji utapita usijue umepita. Nenda kiangazi, chukua mwenyeji kijijini, na ukikuta kipande cha mfupa kiache: kukiondoa ni kosa kisheria.