Data za utafiti wa afya: ziandae kwa ajili ya mtu usiyemjua

Kama unafanya utafiti wa afya katika ukanda huu wetu, siku itafika utaombwa data zako. Ataomba mfadhili, ataomba mhariri wa jarida, au ataomba mwanafunzi wa uzamili huko Kampala aliyesoma makala yako na ana swali ambalo wewe hukuliuliza. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, tangu tarehe 25 Januari 2023, inataka mpango wa kutunza na kutoa data uwemo ndani ya ombi lenyewe la fedha. Majarida makubwa ya tiba, tangu Julai 2018, yanataka kila ripoti ya jaribio la tiba ieleze data zitapatikana vipi. Nimefanya kazi miaka mingi katika vitengo vya data vya miradi ya malaria Tanzania, na ninachotaka kuwaambia vijana wanaoingia kazi hii ni kimoja: kuwapa wengine data si kazi ya mwezi wa mwisho wa mradi. Inaanza siku unapoandika fomu ya ridhaa.

Nianze na sentensi inayoharibu mambo kuliko zote: "Data zinapatikana kwa kumwomba mwandishi." Mwaka 2022 kundi la watafiti lilichapisha matokeo baada ya kuwaandikia waandishi 1,792 waliokuwa wameahidi hivyo kwenye makala zao. Asilimia 93 ama hawakujibu ama walikataa. Siamini kwamba wote hao walikuwa wachoyo. Wengi, nadhani, walifungua folda ya mradi, wakakuta mafaili kumi yenye majina yanayofanana, wakashindwa kujua lipi lilitumika kwenye makala, wakafunga. Data ambazo hazikuandaliwa haziwezi kutolewa hata na mtu mwenye nia njema kabisa.

Na zikitolewa, kuna watu wanapona. Mfano ninaoutumia kila ninapofundisha ni wa dawa ya malaria iitwayo dihydroartemisinin-piperaquine. Kila jaribio peke yake lilionyesha dawa inafanya kazi vizuri. Mtandao wa WWARN, unaofuatilia usugu wa dawa za malaria, ulipokusanya data za mgonjwa mmoja mmoja kutoka majaribio zaidi ya 20, wagonjwa zaidi ya 7,000, ndipo ikaonekana kwamba watoto wadogo, wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, walikuwa wanapata dozi pungufu kwa uzito wao, na malaria iliwarudia zaidi. Hakuna jaribio moja lililokuwa na watoto wa kutosha kuliona jambo hilo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi kwa watoto wenye uzito chini ya kilo 25. Matokeo hayo yamo kwenye mafaili ambayo watu fulani, wengi wao ni wakusanya data na watunza data wasiojulikana, waliyaandaa yakasomeka na mtu wa nje.

Sasa fomu ya ridhaa. Nimeona fomu nyingi zilizonakiliwa kutoka mradi uliopita, zenye ahadi kwamba "taarifa zako hazitaonwa na mtu yeyote zaidi ya watafiti wa mradi huu" au kwamba zitaharibiwa utafiti ukiisha. Anayeandika hivyo anadhani anamlinda mshiriki. Kwa kweli amefunga mlango ambao hataufungua tena, kwa sababu ahadi ni ahadi na huwezi kurudi vijijini kuwatafuta watu elfu tatu uwaombe upya. Andika hivi, au namna hii: "Taarifa zako, baada ya kuondolewa jina na kila kinachoweza kukutambulisha, zinaweza kutumiwa na watafiti wengine wa ndani na nje ya nchi kwa maswali mengine ya afya, baada ya kibali." Kisha msomee mshiriki polepole na umwachie nafasi ya kukubali utafiti na kukataa hilo. Weka visanduku viwili tofauti vya kutia alama, na jibu la kisanduku cha pili liingie kwenye data kama safu wima yake, ili siku ya kutoa ujue nani yumo na nani hayumo.

Upana wa ridhaa nao una mpaka. Huko Arizona, watu wa kabila la Havasupai walitoa damu miaka ya 1990 wakijua ni kwa ajili ya kisukari. Damu hiyo ikatumika kuchunguza mambo mengine, yakiwemo maradhi ya akili na asili ya kabila lao, mambo ambayo kwao ni mazito. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli. Nawaambia wenzangu wasisome kisa hiki kama habari za mbali. Mtu aliyekupa kidole chake kwa ajili ya malaria amekupa kwa ajili ya malaria. Ukitaka zaidi, mwambie ni zaidi kiasi gani.

Kuondoa jina ndiyo hatua ambayo watu wanaidhani rahisi. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi Marekani, alichukua data za hospitali zilizoondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapigakura, akaipata rekodi ya gavana wa Massachusetts, William Weld. Alihitaji tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta tu. Vijijini kwetu hata vitatu hivyo ni vingi. Kitongoji chenye kaya arobaini kina mama mmoja aliyejifungua pacha mwaka ule, na kila mtu anamjua. Kwa hiyo usikague safu moja moja, kagua mchanganyiko. Chukua umri, jinsia, kijiji na tarehe ya kliniki, uhesabu ni washiriki wangapi wanaofanana kwa vyote. Wakiwa chini ya watano, panua: umri uwe wa makundi, kitongoji kiwe kata, tarehe iwe mwezi. Programu ya sdcMicro inafanya hesabu hiyo bila malipo.

Kuhusu mahali nyumba ilipo, tuna mfano mzuri wa kuiga. Tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, husogeza kila eneo la sampuli kwa bahati nasibu: hadi kilomita 2 mjini, hadi kilomita 5 vijijini, na asilimia moja ya maeneo ya vijijini hadi kilomita 10. Ramani ya ugonjwa inabaki na maana, nyumba ya mtu haipatikani. Kwa tarehe, wengi hushauri kuzisogeza kwa idadi ya siku inayotofautiana kwa kila mshiriki, ili muda kati ya tukio na tukio ubaki sahihi. Shauri zuri, lakini kwenye malaria liwe la siku chache tu. Ukimsogeza mgonjwa wa Mei hadi Septemba umeua masika, na bila masika data za malaria hazina kichwa wala miguu.

Na safu ya "maoni ya mdodosaji" isitoke kamwe kabla mtu hajaisoma mstari kwa mstari. Hapo ndipo utakuta "baba yake ndiye mwalimu mkuu, hakutaka mtoto atobolewe kidole" au "tulimkuta kwa dada yake, nyumba ya nyuma ya zahanati". Hakuna programu itakayokuonyesha hayo. Mimi huifuta safu nzima kwenye nakala ya kutoa, na kilicho cha maana ndani yake nakigeuza kuwa safu mpya yenye majibu ya kuchagua.

Nikiulizwa ni wapi muda wa kazi hii unapotumika, jibu ni kwenye kamusi ya data, yaani faili linaloeleza kila safu ina nini, kipimo chake ni kipi na kila msimbo una maana gani. Chukua swali moja tu la dodoso la vyandarua: "Jana uliingia kulala saa ngapi?" Mama anajibu saa tatu. Mdodosaji mmoja anaandika 3 kwenye kishikwambi. Mwenzake anaandika 21:00. Wa tatu, aliyezoea saa ya kizungu kwenye simu yake, anaandika 9. Jibu ni lile lile, namba tatu tofauti, na zote zimekaa safu moja. Mchambuzi wa London akifungua faili bila maelezo ataona kijiji ambacho baadhi ya watu wanaingia kitandani saa tisa usiku, kisha atakadiria ni mara ngapi mbu wamewauma wakiwa nje bado. Makadirio hayo ndiyo yanayotumika kusema vyandarua vinatosha au havitoshi. Ile 3 unaweza kuikisia kwa akili ya kawaida. Ile 9 je? Kwa saa yetu ni usiku wa manane, kwa saa ya kizungu ni saa tatu usiku, na faili halikwambii ipi ni ipi.

Dawa yake ni kuamua kabla ya kwenda uwandani: kishikwambi kimwonyeshe mdodosaji saa kama anavyoisema mshiriki, pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha fomu yenyewe ihifadhi kwa mfumo wa saa 24. Kisha uandike hivyo kwenye kamusi. Vivyo hivyo kwa umri: kama familia ilijua mwaka tu na mkajaza tarehe 1 Julai kwa wote, sema. Kama 99 ni "haijulikani", sema, kwa sababu mzee wa miaka 99 naye yupo. Kama hemoglobini ni gramu kwa desilita, sema. Excel nayo iangaliwe kwa jicho kali. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ililazimika kutangaza majina mapya, kama SEPTIN1 badala ya SEPT1, kwa sababu Excel iligeuza majina ya zamani kuwa tarehe za Septemba. Nakala ya kutoa iwe CSV, yaani faili la maandishi matupu, na programu iliyosafisha data iambatane nayo.

Jaribio langu la mwisho ni hili: nampa faili na kamusi mtu wa mradi mwingine, namwomba arudie jedwali la kwanza la makala bila kuniuliza chochote. Kila anaponiuliza, jibu linaingia kwenye kamusi.

Vibali visikushtue, ila visikupite. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda zina za mwaka 2019, Rwanda ya 2021. Taarifa za afya ni nyeti, na kuzivusha mpaka kuna masharti. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu Tanzania, ina mkataba wa kuhamisha data, na unatakiwa kusainiwa kabla ya faili kwenda kwa mshirika wa nje. Anza mapema, maana saini zinachukua muda.

Mahali pa kuweka si tatizo tena. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013, inapokea bure na kuipa seti yako ya data namba ya kudumu ya DOI. Harvard Dataverse inakuruhusu kuacha maelezo wazi na faili lenyewe litoke kwa ombi, jambo linalofaa data zenye ukakasi. Lakini nakala kamili ibaki nyumbani, kwenye seva ya taasisi yako. Mapema 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, programu ya DHS, iliyokuwa inahudumia dunia tangu 1984, ilisimamishwa ghafla, na watafiti wapya wakakosa ruhusa ya kupakua data, zikiwemo za nchi zao wenyewe. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Najua hofu kubwa ni nyingine: kwamba wenye kompyuta kubwa na wachambuzi kumi watachapisha kabla ya mwanafunzi wako kumaliza tasnifu. Ni hofu ya haki. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walitangaza kwa uwazi aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, na malipo yao yakawa kufungiwa safari za ndege. Anayetoa ana haki ya kulindwa. Mtandao wa H3Africa, wa utafiti wa jeni barani Afrika, uliweka kipindi cha kusubiri ili watafiti wa Afrika wachapishe kwanza, nawe unaweza kufanya hivyo hivyo: weka data kwenye hifadhi leo, upate DOI, na uchague tarehe ya kufunguliwa baada ya tasnifu. Kisha andika makala ya kuieleza seti yenyewe; jarida la Scientific Data linachapisha makala za aina hiyo, na majina ya watunza data na wasimamizi wa uwandani yaingie kwenye orodha ya waandishi. Kwenye masharti ya kupata data, omba mchambuzi mmoja wa kwenu ashiriki. Wengi wanakubali wakiombwa mapema.

La mwisho ni dogo, ila limeua maombi mengi. Kwenye ukurasa wa data zako usiweke anwani yako binafsi ya barua pepe. Mkataba wako utaisha, utahamia mradi mwingine, na ombi la yule mwanafunzi wa Kampala litafika kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Weka anwani ya kitengo, watu wawili waisome, na kamati ya data iwe na muda uliotajwa wa kutoa jibu, hata kama jibu ni hapana.