Jirani Yangu Mwislamu Anaogopa Majini: Je, Nimwandikie Zaburi?

SWALI: Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti wa kujitolea. Jirani yangu Mwislamu ana binti ambaye huamka usiku akipiga kelele, na wazazi wake wanaamini kwamba ana jini. Wamemvalisha hirizi na kumnywesha kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, lakini hakupata nafuu. Sasa mama yake ameniomba nimwandikie zaburi kwenye karatasi ili aiweke chini ya mto wa mtoto. Kiongozi wangu kanisani amesema kwamba huo ni ushirikina, niachane nao. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu mpendwa, usiachane na jirani yako. Anayekuja kwako akiwa na hofu ya usiku hajaja kujadiliana nawe kuhusu dini, na ukimjibu kwamba jambo linalomtesa halipo, atarudi kwa mganga ambaye angalau humsikiliza. Paul Hiebert, mwanaanthropolojia aliyewahi kuwa mmisionari India, aliandika mwaka 1982 kwamba wamisionari waliosoma katika shule za Magharibi walikuwa na majibu kuhusu Mungu wa mbinguni na kuhusu sayansi, lakini hawakuwa na neno juu ya eneo lililo katikati, yaani pepo, laana na uchawi. Naona kwamba wengi wetu tumerithi ukimya huo.

Ni vyema kwanza uelewe imani ya jirani yako kama yeye mwenyewe anavyoielewa. Kwa Mwislamu, kuwapo kwa majini si hadithi ya mitaani, kwa sababu Kurani ina sura nzima yenye jina lao, sura ya 72, nayo inasema kwamba miongoni mwao wamo waliosilimu na waliopotoka. Kwa hiyo ukimwambia ghafla kwamba majini yote ni mashetani, unapinga jambo ambalo hujalielewa bado. Aidha, sura hiyohiyo, katika aya ya 6, inawalaumu watu waliotafuta ulinzi kwa majini, na wako wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaokemea hirizi na kafara kwa ukali kuliko sisi. Usiseme, basi, kwamba mambo ya waganga ndiyo Uislamu. Utakuwa umemsingizia jirani yako, naye atalijua hilo.

Washauri pia wampeleke mtoto hospitali, kwa kuwa kifafa na vitisho vya usingizini vina matibabu, na kumwombea mgonjwa hakupingani na kumtibu. Omba mbele ya wazazi wake na kwa ruhusa yao, kwa sauti ya kawaida, bila kumshika kwa nguvu wala kumhoji huyo anayedhaniwa kuwa jini. Wala usiwawekee sharti la kuja kanisani, maana ugonjwa wa mtoto haupaswi kugeuzwa chambo.

Kuhusu karatasi, hapo nakusihi usikubali. Zaburi itakayowekwa chini ya mto bila kusomwa itakuwa hirizi nyingine yenye maandishi ya Kikristo, na mama huyo atakuwa amebadilisha mganga tu. Katika Matendo 19, wana saba wa Skewa, kuhani wa Kiyahudi, walilitumia jina la Yesu kama kago, yaani kinga ya kiganga, ili kufukuza pepo, wakapigwa na kujeruhiwa na mtu mwenye pepo. Lakini watu wa Efeso waliokuwa wameamini walileta wenyewe vitabu vyao vya uganga na kuvichoma, ingawa thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Hakuna mtume aliyeingia nyumbani mwao kuvinyakua, nawe usimvue binti huyo hirizi yake kwa mkono wako.

Mwambie mama kwamba hutamwandikia, bali utakuja kumsomea. Anza na Zaburi ya 91, ambayo inataja waziwazi hofu ya usiku, umweleze Mungu anayesema nasi humo ni nani, na akikuuliza kwa nini Wakristo huomba kwa jina la Yesu, mfungulie Marko 5, ambapo Yesu anamtoa mtu pepo, msome pamoja.