Bendera ya wapiga mbizi: wenye boti wauliza, wazamiaji wauliza

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wenye boti kuliko kwa wazamiaji wenye mitungi ya hewa. Nimefurahi, maana propela iko upande wao.

Naendesha boti ya watalii Nungwi. Boti moja inapeperusha bendera nyekundu yenye mstari mweupe, nyingine ina nyeupe na buluu. Ipi ndiyo halali?

Zote mbili zinasema kuna watu chini, ila uzito wake si mmoja. Ile ya nyeupe na buluu ni herufi A katika bendera za ishara za kimataifa, nayo mabaharia huiita Alfa. Nyeupe hukaa upande wa mlingoti, buluu upande wa nje, na ukingo wa nje umekatwa pembe kuingia ndani. Maana yake: nina mzamiaji chini, kaa mbali nami na uende polepole.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinaitambua hiyo. Chombo chenye wazamiaji chini huhesabiwa kuwa hakiwezi kugeuka wala kukwepa kama kawaida, kwa hiyo wewe ndiye unayekipisha. Na jambo hili si la wenye mashine peke yao. Chombo cha tanga nacho kinatakiwa kupisha, na anayevua vilevile kadiri awezavyo. Mwenye ngalawa aliyezoea kupishwa na maboti, hapa zamu ni yake.

Nyekundu yenye mstari wa mshazari ilianzia Michigan, Marekani, miaka ya 1950, ikaenea duniani pamoja na mchezo wenyewe. Yenyewe inamtaja mzamiaji zaidi kuliko chombo, ndiyo maana utaikuta hata juu ya boya linaloelea peke yake. Ushauri wangu ni kupandisha zote mbili. Alfa ina nguvu ya kanuni, lakini jua la saa sita likipiga, buluu na nyeupe hupotea katikati ya bahari na povu. Nyekundu huonekana.

Jambo moja zaidi: kanuni inataka Alfa iwe ya kitu kigumu, urefu usiopungua mita 1, ionekane pande zote. Kitambaa kidogo kilichojiviringa kwenye fimbo upepo ukitulia hakimwambii mtu kitu. Kata ubao, paka rangi.

Mimi ni mvuvi, Mafia. Nikiona bendera hiyo nikae umbali gani?

Kanuni ya kimataifa haitaji mita. Wewe shika mita 100 kama kipimo chako, na zaidi ya hapo ikiwezekana.

Lakini mita si shida kubwa. Shida ni kwamba bendera iko kwenye boti, na watu hawako chini ya boti. Pale mlango wa Kinasi maji ya bamvua yakianza kujaa, mtu anazama hapa na kuibuka mbali kabisa ndani ya ghuba ya Chole, na boti inamfuata taratibu. Kwa hiyo ukiona bendera, usiishie kuitazama. Tazama nahodha wake anaangalia wapi. Tafuta mapovu, na tafuta boya jembamba la rangi ya chungwa ambalo mzamiaji hulipandisha kabla ya kuibuka. Ukiona boya upande mmoja na boti upande wa pili, usipite katikati hata kama nafasi ni pana, maana hapo ndipo watu walipo.

Kama ni lazima upite, pita upande maji yanakotoka, kwa sababu kwa kawaida wazamiaji huenda na maji. Na ukijikuta umeshaingia katikati yao, toa gia. Usipige gia ya kurudi nyuma kwa pupa, propela hukata mbele na nyuma. Mweke mtu omo, mbele ya chombo, aangalie, chombo kielee, na mwite nahodha mwenzako akuonyeshe pa kutokea.

Nafanya kazi kwenye kambi ya mbizi, Diani. Bosi amepigilia bendera juu ya paa la boti, haishuki asubuhi wala jioni. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Kwa maoni yangu bendera isiyoshuka ni mbaya kuliko kutokuwa na bendera. Wavuvi wanaiona boti yenu imetia nanga ufukweni na bendera juu, wanaiona ikikimbia kwa kasi kuwahi chakula cha wageni na bendera juu. Siku ambayo kweli kuna watu chini, nani ataamini? Halafu mtalalamika kwamba wavuvi hawana adabu.

Ipandishwe kabla mtu wa kwanza hajajirusha majini. Ishushwe baada ya wa mwisho kupanda na vichwa kuhesabiwa. Kazi hiyo apewe mtu mmoja, yuleyule anayehesabu vichwa. Mwambie bosi wako kwamba Florida, Marekani, ambako sheria ya bendera hizi ni kali, kuiacha juu wakati hakuna mtu majini ni kosa.

Najifunza mbizi Mombasa. Boti ina bendera, kwa nini mwalimu anang'ang'ania nibebe boya langu?

Kwa sababu bendera haikufuati. Boya la kujaza hewa, lile wengi huliita soseji, ndilo linalomwambia nahodha kwamba unaibukia hapa. Lijaze ukiwa kwenye mapumziko ya mita 5 kabla ya kuibuka, lipande na kamba yake, wewe uendelee na dakika zako 3. Kamba ishike mkononi. Usiifunge kwenye mwili wala kwenye fulana: boti ikilinasa boya, utapandishwa juu nalo kabla mapafu yako hayajawa tayari.

Na usitegemee masikio. Majini sauti husafiri mara nne zaidi ya kasi yake hewani, hivyo utasikia mashine vizuri sana bila kujua iko upande gani. Ukiisikia inakaribia, baki chini kidogo kama hewa inaruhusu. Ukipanda, inua uso, jigeuze mduara mzima, mkono mmoja juu.

Sisi wa pweza tunazama kwa miwani na pumzi zetu tu. Hayo yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko wote. Mwenye mtungi hutoa mapovu. Ninyi hamtoi, na mnaibuka ghafla mkiwa na haraka ya kuvuta pumzi. Si lazima mnunue kitu. Dumu la lita 5 lililofungwa vizuri, fimbo imara na kitambaa chekundu juu yake, kamba ndefu kuliko kina mnachozama, basi. Mtu mmoja abaki kwenye mtumbwi. Mkizama wawili, azame mmoja, mwingine abaki juu anaangalia vyombo.

Niko Tampa, Florida, nimenunua kiboti. Sheria ya huku inasemaje?

Florida hawakuachii nafasi ya kukisia. Bendera ya kwenye boti isipungue inchi 20 kwa 24, iwe na kijiti cha kuizuia isijikunje, na ikae mahali pa juu kabisa pa chombo. Ya kwenye boya, inchi 12 kwa 12. Mzamiaji ajitahidi kubaki ndani ya futi 300 kutoka bendera akiwa bahari wazi, futi 100 akiwa mtoni, kwenye mlango wa bahari au njia ya meli. Wewe mwenye boti umbali wako ni huohuo, na ukilazimika kuingia ndani yake uende kwa mwendo wa mashine kuunguruma tu. Mwenye miwani na mrija anahesabiwa mzamiaji pia, hivyo watoto wako wakiruka majini na miwani yao nje ya eneo la kuogelea, pandisha bendera.

Na usiku je?

Chombo chenye wazamiaji huwasha taa tatu wima, nyekundu, nyeupe, nyekundu, zinazoonekana pande zote. Mwanga unaotembea chini ya maji ni tochi zao. Ukiziona, nenda katege mahali pengine.