Sukari Ikishuka Yenyewe, Tazama Figo

Mgonjwa aliyeishi na kisukari miaka mingi anafika kliniki akitabasamu: amepunguza insulini mwenyewe na sukari haipandi. Nyumbani wanasema mitishamba imemponya. Wewe uliyeanza kazi juzi, usimpongeze kabla hujaona kreatinini yake, taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu. Figo huondoa sehemu kubwa ya insulini ya sindano. Zikichoka, dozi ileile hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumshusha sukari hadi azimie usingizini.

Kreatinini peke yake hudanganya. Bibi mwembamba asiye na misuli anaweza kuwa na namba nzuri huku figo zimepoteza nusu ya kazi, kwa hiyo kokotoa GFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu (mililita kwa dakika), kwa umri na jinsia. Kwenye mkojo, kijiti cha kuchovya hakioni albumini (protini ya damu inayovuja) ndogo ya mwanzo. Agiza uwiano wa albumini kwa kreatinini, mkojo wa asubuhi ukipatikana. Miligramu 30 kwa gramu au zaidi ni dalili mbaya, ila homa, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), hedhi na mazoezi makali hupandisha pia. Rudia kipimo, na uamini pale viwili kati ya vitatu vinapokubaliana ndani ya miezi 3 hadi 6. Kisukari aina ya 2 hupimwa mkojo tangu siku kinapogundulika, kisha kila mwaka.

Sasa dawa, ambako makosa mengi hutokea. Metformini: GFR ikiwa 30 hadi 44, usivuke miligramu 1,000 kwa siku, chini ya 30, acha. Glibenklamidi, kidonge cha kundi la salfonilurea linalosukuma kongosho kutoa insulini, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mabaki yake yenye nguvu hutoka kwa figo, hivyo mgonjwa aliyezinduka baada ya glukosi ya mshipa anaweza kuzimia tena saa kadhaa baadaye. Usimruhusu jioni ileile. Mlaze, pima sukari mara kwa mara kwa saa 24 au zaidi, kisha mhamishie gliklazidi au glipizidi akihitaji kidonge cha kundi hilo. Insulini: GFR ikishuka chini ya 50, anza kwa kufikiria kupunguza robo ya dozi, chini ya 10, nusu.

Losartani au enalaprili, dawa za presha, hulinda figo zinazovuja albumini, lakini chagua moja, usizichanganye, na usimpe mjamzito. Pima kreatinini na potasiamu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza. Kreatinini ikipanda isizidi asilimia 30, endelea. Wageni wengi wa kazi hushtuka hapo na kumnyima mgonjwa dawa bora aliyokuwa nayo. Gliflozini, dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo, nazo hushusha GFR kidogo mwanzoni, lakini hulinda figo. Utafiti wa CREDENCE, uliojaribu mojawapo (kanagliflozini) kwa wenye kisukari na ugonjwa wa figo, ulisitishwa mapema kwa sababu faida ilikwishaonekana, na matokeo yake yakatoka 2019. Dapagliflozini miligramu 10 inaweza kuanzishwa GFR ikiwa 20 au zaidi. Mgonjwa akiharisha au kutapika, zote hizi, pamoja na metformini na dawa za kukojoza, zisimame hadi ale na kunywa vizuri.

Usimuulize tu kama anatumia dawa nyingine, maana atajibu hapana. Uliza hivi: “Mama, magoti yakiuma huwa unameza nini?” Hapo ndipo diklofenaki ya duka la dawa, dawa ya maumivu inayoumiza figo, hujitokeza.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, isikutulize kwa mwenye upungufu wa damu, selimundu au aliye kwenye dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine). Mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi, ingawa upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Daftari la vipimo vya nyumbani lina ukweli zaidi.

GFR ikikaribia 30, andika kwa herufi kubwa kwenye faili: MKONO ASIOANDIKIA USITOBOLEWE. Mishipa yake ndiyo itakayotengenezewa fistula ya dayalisisi, yaani ateri na vena kuunganishwa. Damu ichukuliwe mgongoni mwa kiganja cha mkono anaoandikia.