Vya dukani kwangu ni mali ya nani?

SWALI: Shikamoo mama. Nina duka la rejareja hapa Newala. Mdogo wangu amerudi likizo kutoka chuoni, na sasa kila bidhaa kwenye rafu ananiuliza ni ya nani. Anasema bia na sukari tunazoziita zetu zilishanunuliwa na wageni. Mimi siku zote naangalia bakodi. Ikianza na 620 najua ni ya Tanzania. Je, niache kuuza za wageni? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 620 isikupe uhakika. Inaonyesha tu kwamba kampuni ilichukua namba zake kwenye ofisi ya hapa nchini ya GS1, shirika linalogawa namba za bakodi. Mwenye mali anaweza kuwa popote.

Mdogo wako yuko sahihi. Kampuni ya Bia Tanzania ilipata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, na mwaka 2016 mbia huyo, aliyekuwa akiitwa SABMiller, akanunuliwa na AB InBev ya Ubelgiji. Kwenye kiwanda cha sukari cha Kilombero wenye hisa nyingi ni Illovo, iliyoingia 1998, na Illovo yenyewe ni mali ya Associated British Foods ya Uingereza. Serikali yetu ina asilimia 25 ya hisa za Kilombero.

Lakini angalia jambo hili. Sukari ya Kilombero, pamoja na mwenyewe kuwa mgeni, inatokana na miwa ya hapahapa, na sehemu ya miwa hiyo inauzwa kiwandani na wakulima wadogo wa bonde lile. Unga wa ngano wa Azam ni wa Bakhresa, Mtanzania mwenzetu, ila ngano kwa sehemu kubwa inaletwa kwa meli. Kati ya hao wawili, nani anamfaa zaidi mkulima? Ndiyo maana mimi sitosheki na jina la mwenye kampuni. Nauliza pia kazi inafanyika wapi na malighafi inatoka kwa nani.

Na hapo ndipo korosho inaponiuma. Mama yangu mdogo alikuwa mbanguaji katika kiwanda cha hapa Mtwara. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mshahara ule. Viwanda vile vilijengwa na serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ikatoka Italia na Japani. Ila wakati vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zimepungua: kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho mbali, bei ikawa ndogo, ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga ukaingia. Viwanda vikasimama, baadaye vikauzwa, na baadhi vikageuzwa maghala. Walionunua hawakuwa wageni peke yao, Watanzania walikuwemo. Wabanguaji walirudi nyumbani vilevile.

Leo mkulima wa Tandahimba anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapigwa mnada, halafu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda Vietnam na India. Shamba ni lake kwa asilimia mia, ila ajira ya kubangua inakwenda na meli.

Kwa hiyo mgeni akija kununua kiwanda, mimi simkatai. Nataka mkataba useme mitambo itawaka lini, atanunua korosho kiasi gani kwetu, na akikaa kimya kiwanda kirudi. Na Mtanzania naye abanwe hivyohivyo. Tume ya Ushindani inapokagua kampuni zinazonunuana, inatazama ushindani wa soko. Masharti ya ajira lazima yadaiwe na sisi, kupitia madiwani na wabunge.

Dukani kwako usiondoe kitu, utawakosesha wateja tu. Ila rafu ya mbele, pale macho yanapofika kwanza, wape wa kwetu: korosho zilizobanguliwa na vikundi vya akina mama, chumvi ya pwani ya Lindi, unga wa muhogo. Wasio na alama ya ubora ya TBS waelekeze SIDO, shirika la viwanda vidogo, wasaidiwe kuipata.

Mdogo wako naye mwambie taarifa za wenye hisa zinaombwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa ada. Tena Kampuni ya Bia imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 1998. Hata nyinyi mnaweza kununua hisa zake kupitia dalali wa soko hilo.